Viti Viwili na Dakika Hamsini: Kazi ya Ushauri Nasaha Tunavyoifanya Mbeya

Jina la kazi hii lina mtego. Mtu akisikia "mshauri" anategemea kupewa ushauri, na anayeianza kazi anategemea kuutoa. Washauri wa namna hiyo huku Nyanda za Juu Kusini hawajapungua: shangazi, mjomba, mshenga, mchungaji, mzee wa ukoo, mwenyekiti wa mtaa. Anayefika chumbani kwa mtaalamu karibu kila mara ameshawapitia. Ameshaambiwa avumilie, asali, asamehe, arudi kwa mumewe, aache pombe. Ukimwambia jambo la sita linalofanana na hayo matano, umemwongezea mzigo na fedha yake umeichukua. Katika makosa yangu yote, hili ndilo lililodumu muda mrefu zaidi, na mengi nitakayoyaeleza hapa ni njia za kulikwepa.

Kosa lenyewe lina asili yake. Ushauri nasaha kama huduma ulienea huku kupitia UKIMWI. Vituo vya ANGAZA, vya kupima VVU kwa hiari, vilianza mwaka 2001, na mikoa yetu ndiyo iliyoumia zaidi: utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi kwa watu wa miaka 15 na kuendelea yakiwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati taifa zima ni 4.4. Washauri wengi walifunzwa kwa semina fupi wafanye kazi moja: maelezo kabla ya kipimo, majibu, maelezo baada ya majibu. Ni kazi muhimu na imeokoa watu, lakini ni kazi ya kutoa taarifa. Aliyezoea kutoa taarifa akiletewa mtu mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, humpa taarifa pia: kula vizuri, fanya mazoezi, usiwaze sana. Mwenye sonona anajua kwamba anatakiwa asiwaze sana. Hilo ndilo lililomshinda.

Shahada ya saikolojia ya ushauri, kama ile ya Chuo Kikuu cha Iringa, huchukua miaka mitatu, na nadharia ndiyo sehemu nyepesi. Carl Rogers, Mmarekani aliyeongoza kituo cha ushauri cha Chuo Kikuu cha Chicago kuanzia 1945, aliandika mwaka 1957 kwamba mteja hubadilika akimpata mtu anayemwelewa kutoka pale alipo, anayemthamini bila masharti na asiyejifanya. Ukiyasoma ni mambo matatu tu. Ukikaa kitini unagundua kuwa huko kuthamini bila masharti kunamhusu pia baba aliyempiga mwanawe akamvunja mkono, na hapo ndipo unapojua kwa nini mafunzo ni marefu.

Zoezi linalonyoosha zaidi ni la wanafunzi wawili. Mmoja aeleze jambo dogo linalomsumbua kwa dakika kumi. Msikilizaji haruhusiwi kushauri, kusimulia la kwake wala kuuliza "kwa nini". Anachoruhusiwa ni kurudisha alichosikia kwa maneno mafupi na kusubiri. Rekodini kwa simu, kisha sikilizeni mkipima dakika za kila mmoja. Msikilizaji aliyezidisha theluthi ya muda alikuwa anahubiri, hata kama kwa upole. Rudieni mara tano, sita, wiki tofauti. Ukimya wa sekunde kumi utaona ni saa nzima; zoea.

Lugha yetu yenyewe nayo inataka kuangaliwa. "Habari za nyumbani?" jibu lake ni "nzuri", hata nyumba iwe inaungua. Mteja akishajibu hivyo mlangoni, anajikuta ameingia na uongo mdogo ambao inabidi auvunje mwenyewe. Kwa hiyo salamu na ziishe salama, shikamoo na kamwene zake, akae, atulie, halafu uulize upya: "Sasa tuzungumze. Siku hizi unaamkaje?" Swali la kuamka hujibiwa kwa kweli kuliko swali la habari. "Kwa nini" nayo kwa Kiswahili ni neno la mahakamani: "Kwa nini ulirudi kwake?" ni mashtaka. "Ilikuwaje mpaka ukarudi?" ni mwaliko. Na "pole" iliyotolewa mapema hufunga mdomo, maana adabu inamtaka mwenzako ajibu "asante, nimeshapoa", na akishasema ameshapoa hana tena pa kuanzia. Pole iweke mwishoni, baada ya kusikia.

Kuhusu chumba. Mvua huku hupiga kuanzia Novemba hadi Aprili, na mabati yasiyo na dari hugeuza chumba kuwa ngoma. Mteja aliyekuwa ananong'ona analazimika kupaza sauti, na ikikatika ghafla mvua, neno lake la aibu linasikika mpaka kwa wanaosubiri. Dari ni lazima, si urembo. Kuta za mbao zisizofika juu ni balaa jingine, maana sauti hupita kwenye pengo. Kuna namna rahisi ya kupima: washa redio ndani kwa sauti ya mtu anayeongea, funga mlango, kaa pale wateja wanapokaa. Ukitambua maneno, chumba hakijafaa. Ziba pengo, weka pazia zito mlangoni upande wa ndani, na redio ndogo iwe inaimba nje karibu na benchi la kusubiri, saa zote za kazi.

Viti viwe vya kimo kimoja, umbali wa hatua moja na nusu, vimeelekezwa kwa pembe ili mtu aweze kukutazama akitaka na kutazama dirisha akichoka. Meza isikae katikati, maana ni ya ofisa na mwombaji. Kiti cha mteja kiwe ndicho kilicho karibu na mlango. Aliyewahi kufungiwa na kupigwa hukaa kwa amani akijua njia ya kutokea haijazibwa. Saa ya ukutani itundikwe nyuma yake, juu ya kichwa, uione bila kugeuza shingo. Karatasi laini za kufutia machozi ziwe mkono wake unapofika, lakini usimpe. Ukimpa umemwambia "nyamaza". Juni na Julai baridi inachoma, na kishawishi cha kuingiza jiko la mkaa ni kikubwa. Katika chumba kilichofungwa lile jiko hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu. Shuka zito na chupa ya chai vinatosha.

Kibao cha mlangoni nacho kina historia niliyokwisha kuieleza. Ukiandika "Ushauri Nasaha" peke yake, wapita njia wengi husoma "kupima", na mtu anayetoka Mwanjelwa hataki aonekane na jirani wa Mwanjelwa akiingia hapo. Mlango unaochangiwa na huduma nyingine husaidia. Simu pia. Simu nyingi hutazamwa na zaidi ya mtu mmoja nyumbani, na malipo yakipita kwa namba iliyosajiliwa jina la kituo, ujumbe wa muamala unabaki na jina hilo. Ukimpigia mteja kwa mara ya kwanza muulize mambo mawili kabla ya yote: nikutumie ujumbe au nipige, na ujumbe useme nini? "Kesho saa tisa" inatosha. Bei nayo itajwe kwenye simu hiyo hiyo, pamoja na idadi ya vikao unavyotarajia, kwa sababu anayetoka Chimala au Tukuyu ana nauli ya kwenda na kurudi juu ya ada, na asipoambiwa mapema ataishia kikao cha pili akiona haya kusema fedha imekwisha.

Kikao ni dakika hamsini. Kumi za kwanza za kikao cha kwanza ni za makubaliano, na hapa nilikuwa nakosea mpangilio: namwacha mtu aeleze yote, halafu ndipo nataja mipaka ya usiri. Ni kumtega. Mipaka hutangulia. Unamwambia kwa Kiswahili cha kawaida kwamba utakayosikia hayatoki, isipokuwa uhai wake au wa mwingine uwe hatarini, au mtoto awe anaumizwa. La mtoto ni la kisheria: kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe serikali za mitaa. Njia zipo: ofisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na namba 116 ya bure. Mteja aliyesikia hayo mwanzoni na bado akasema, mara nyingi amesema ili asaidiwe kulifikisha.

Maandishi yawe nusu ukurasa: tarehe, alichokuja nacho, hali ya hatari, mlichokubaliana. Faili liwe na namba badala ya jina, na daftari linalounganisha namba na majina likae kabati jingine lenye kufuli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Usiandike kisa cha shemeji wala jina la hawara. Wao hawakutoa ridhaa.

Wachache sana husema "nina huzuni". Husema kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, miguu ina ganzi, usingizi umehama, nawaza sana. Usikimbilie kutafsiri. Kwanza hakikisha amepimwa: upungufu wa damu, sukari, tezi la shingo, presha, hata dawa anazotumia. Dolutegravir, iliyomo kwenye ARV za sasa, inaweza kukosesha usingizi, na mara nyingine kuihamishia asubuhi kunatosha. Hilo huamuliwa kliniki, kazi yako ni kumrudisha kliniki. Mwingine atasema amelogwa. Usibishane. Muulize tangu aone hivyo nini kimebadilika nyumbani, nani amejitenga naye, nini ameacha kufanya. Maombi usiyakataze pia. Unachokataa kwa uwazi ni kuacha vidonge kwa sababu ya maombi.

Kwa sonona tunatumia dodoso la maswali tisa, PHQ-9, linalouliza hali ya wiki mbili zilizopita. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 5 ni dalili ndogo, 10 za wastani, 15 nzito kiasi, 20 nzito. Lisome kwa sauti, usimpe ajaze peke yake. Swali la kwanza lina shimo: "kukosa hamu" wengine husikia hamu ya chakula na wengine ya tendo la ndoa, kwa hiyo sema "mambo uliyokuwa ukiyapenda". Kwa asiyezoea karatasi tumia punje 14 za mahindi, punje moja siku moja. Mwombe asogeze upande siku zilizokuwa hivyo. Akisogeza moja au asisogeze, andika 0. Mbili hadi sita ni 1. Saba hadi kumi na moja ni 2. Kumi na mbili na kuendelea ni 3. Utaona mikono inavyosema. Kuna anayesogeza zote kumi na nne kwa mkupuo bila kuhesabu, kisha akabaki ameziangalia.

Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na hapo washauri wachanga huharakisha. Kuuliza hakumtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Uliza kwa neno lenyewe, "kujiua", usizungukezunguke. Je, mawazo hayo yapo leo? Una mpango? Lini? Nini kimekuzuia mpaka sasa? Ujue pia kwamba Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, imefanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na watu wanaficha kwa kuogopa polisi. Mweleze kuwa kuwa na mawazo si kosa. Kiapo kwamba hatajidhuru hakilindi chochote. Kinacholinda ni mpango ulioandikwa, wa aina waliyoitengeneza Barbara Stanley na Gregory Brown Marekani: dalili zinazotangulia mawazo hayo, anachoweza kufanya mwenyewe kutuliza, watu na mahali pa kwenda asibaki peke yake, nani wa kumwambia, mtaalamu gani na namba yake, na kuyafanya mazingira yawe salama. Hilo la mwisho kwenye nyumba za wakulima lina maana moja kubwa: dawa za shambani zinatoka nyumbani zote, leo, zinahifadhiwa kwa ndugu hadi hali itulie. Kufuli haitoshi kama yeye ndiye mwenye ufunguo. Aliye na mpango na muda hatoki peke yake; anasindikizwa hospitali, na kwa Mbeya ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Akiandikiwa dawa za sonona mwambie mapema kwamba faida huanza kuonekana wiki mbili hadi nne, ilhali kinywa kukauka na usingizi mzito vinaweza kuja siku za kwanza. Wengi huacha katikati hapo.

Halafu linakuja swali ambalo kila mteja analo: "Sasa nifanye nini?" Hapa ndipo jina la kazi linapokuvuta shati. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na mabibi wa Mbare, Harare, nchini Zimbabwe, mpango unaojulikana kama Benchi la Urafiki. Washona husema *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi, neno ambalo mtu wa Uyole angelielewa bila mkalimani. Wale mabibi, wazee wa kushauri kwa mila, walifundishwa kuzuia ushauri na badala yake kumsaidia mtu achague tatizo moja na alikate vipande; matokeo ya jaribio lao yalichapishwa 2016 na yalikuwa mazuri.

Tuseme ni mama muuza viazi aliyesimamisha biashara. Ana deni la VICOBA, mume mlevi, mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shule, usingizi hana. Orodhesha yote kwenye karatasi, mbele yake. Mwache achague, wewe ungechagua mume, yeye anachagua deni, kwa sababu deni ndilo linalomfanya akwepe njia ya sokoni. Taja njia zote, hata za kijinga, kabla ya kuchuja. Kisha hatua moja: atampigia katibu wa kikundi, Jumatano saa nne asubuhi, akiwa kwa dada yake, aombe muda wa kueleza. Iandikwe kwenye kadi: nini, lini, wapi, nani yupo karibu. Hatua "nitaanza upya biashara" itashindwa kwa sababu ni kubwa, na hatua "mume wangu ataacha pombe" itashindwa kwa sababu si yake. Kikao kinachofuata kinaanza na kadi hiyo, na kama hakufanya, usimkemee. Kipande kilikuwa kikubwa, kikateni tena. Vikao vitano au sita vinatosha wengi. Pumzi husaidia katikati: mkono tumboni, kuingiza kwa hesabu tatu, kutoa kwa hesabu tatu, dakika mbili, na afanye pamoja nawe.

Vikao vya familia vina adabu yake. Kwa Wanyakyusa mkwe wa kike na baba mkwe hukwepana kimila. Kuwakalisha uso kwa uso ni kumnyamazisha mwanamke na kumtukana mzee. Kutana nao kwa zamu. Mteja mkubwa kwako kiumri mwamkie, muite mama au baba, usimuite jina hata kama kitabu kinasema hivyo. Na mtu akilia kwa Kisafwa au Kihehe, mwache alie kwa lugha yake; umuulize baadaye neno lile lina uzito gani.

Msiba tusiugeuze ugonjwa. Wiki za mwanzo watu wapo, wanalala sebuleni, wanapika. Kazi yetu huanza tanga likishaanuliwa na nyumba ikiwa kimya. Vivyo hivyo baada ya ajali, iwe Kitonga au Mlima Nyoka: usiwakusanye majeruhi na mashuhuda kuwasimulisha walichokiona. Shirika la Afya Duniani halishauri hilo. Mwongozo wake wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wa 2011 una maneno matatu, angalia, sikiliza, unganisha: usalama kwanza, maji, blanketi, simu ya kumpigia ndugu, na kusikiliza anayetaka kusema.

Gharama asiyotajiwa mwanafunzi ni ya usimamizi wa kitaalamu. Unahitaji mshauri mkongwe wa kumpelekea kazi yako walau mara mbili kwa mwezi, bila majina ya wateja, na unamlipa wewe. Ukiliacha hilo, utaanza kuota visa vya watu, utachukia sauti fulani za simu, utaanza tena kutoa ushauri ili kikao kiishe haraka. Nikisikia nasema "mimi ningekuwa wewe", najua nimechoka na napanga wateja wanne kwa siku badala ya sita.

Kikao cha mwisho kitajwe tangu kile cha tatu. Siku hiyo rudieni dodoso na punje, zisogezwe tena, mlinganishe na za mwanzo. Andikeni dalili tatu zitakazomwonyesha kwamba hali inarudi, na nani atamwambia. Halafu mkubaliane kuhusu njiani, maana Mbeya ni ndogo na mtakutana sokoni Kabwe au kwenye daladala. Mwambie hutamsalimia kwanza. Akikusalimia, itikia kama jirani. Akiwa na mtu na akapita akiangalia nyanya, nawe angalia nyanya.